Kulima mtama na kuvuka jua la Februari: maji, mbegu, ndege na ghala katika nyanda kame za Dodoma

Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Mtama wa muda mfupi unaweza kuzaa vizuri kwa milimita 400 hivi. Karatasini, basi, maji yapo na mengine yanabaki. Shambani mambo ni tofauti. Zinanyesha milimita 50 kwa alasiri moja, makorongo yanafurika mpaka malori yanakwama, kisha jua linawaka siku kumi na tano au ishirini bila tone. Pengo hilo huja zaidi kati ya mwisho wa Januari na Februari, nalo ndilo linaloamua kama nyumba itakuwa na unga mwaka unaofuata. Joto linapozidi kupanda, pengo lile lile linauma zaidi, kwa sababu udongo unakauka upesi na mmea unataka maji mengi kwa siku. Swali linalofaa kuulizwa kila Oktoba ni hili: shamba hili linaweza kuvuka siku ngapi za jua?

Hesabu yake si ngumu. Udongo wa kichanga chenye tope kidogo, kama ule mwekundu ulioenea Dodoma, hushika takriban milimita 100 za maji yanayofaa mmea katika kila mita moja ya kina. Mtama uliokwisha kukua na kufunika ardhi hunywa kama milimita 5 kwa siku. Ikiwa mizizi imeishia sentimita 15 kwa sababu imegonga tabaka gumu, ina milimita 15 tu za kunywa, yaani siku tatu. Ikishuka hadi sentimita 60 ina milimita 60, yaani siku kumi na mbili. Tofauti ya siku tatu na kumi na mbili haikuletwa na mawingu. Imeletwa na kina cha jembe.

Tabaka hilo gumu tumelitengeneza wenyewe. Ukilima kwa jembe la mkono miaka ishirini kwa kina kile kile, au ukipitisha plau kila msimu ardhi ikiwa mbichi, chini ya pale jembe linapoishia udongo unagandamana kama sakafu. Kuberega, yaani kusafisha shamba kwa kukwangua juu juu, kuchoma mabaki na kupanda bila kulima, ni mbaya zaidi: juu panabaki wazi, matone ya kwanza yanaunda ganda, na mvua inayofuata inateleza kwenda kwa jirani wa bondeni. Huna haja ya kipimo kugundua. Chimba shimo la sentimita 40 katikati ya shamba mwezi Machi, choma ukuta wake kwa kisu kutoka juu kwenda chini. Kisu kitaingia, kitaingia, kisha kitagoma. Angalia pia mizizi: ikikunja kwenda pembeni kwenye kina hicho hicho, umeliona tabaka lako.

Mwenye maksai avunje tabaka hilo kwa ripa, kile chombo chenye jino moja refu kinachofungwa kwenye mti wa plau. Kinachana mfereji mwembamba wenye kina cha sentimita 20 hadi 30 bila kugeuza udongo, mfereji mmoja kila sentimita 75 hadi 90, na mbegu hupandwa humo humo. Wengi wanakosea wakati. Wanasubiri Novemba, ambapo maksai wamekonda kwa kukosa malisho na ardhi imekuwa tofali. Kazi hii ifanyike Juni au mapema Julai, mara baada ya kuvuna, wanyama wakiwa na nguvu na udongo ukiwa na unyevu kidogo chini. Pita mara mbili katika mstari ule ule: mara ya kwanza sentimita 15, mara ya pili kina kamili. Ukilazimisha kina chote kwa mara moja, jino linaruka na maksai wanaumia mabega. Miaka inayofuata fuata mistari ile ile ili kati ya mistari pabaki na mabaki ya mazao, ikiwa mifugo ya kijiji haitayamaliza, jambo ambalo kusema kweli ni mgogoro wa mkutano wa kijiji kuliko wa kilimo.

Asiye na maksai ana mashimo. Mashimo ya Chololo yamepewa jina la kijiji cha Chololo mkoani Dodoma, ambako yalibuniwa na mkulima, na yanafaa sana ardhi yenye mteremko mdogo iliyochoka. Kila shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30. Shimo na shimo katika mstari hutenganishwa kwa sentimita 60, mstari na mstari kwa sentimita 90, na mistari hukata mteremko. Udongo uliochimbwa hauwekwi popote tu: unawekwa upande wa chini wa shimo kama mwezi mchanga, ili maji yanayoshuka yakutane na ukingo na kurudi shimoni. Chini kabisa tia konzi ndogo ya majivu kuzuia mchwa, halafu konzi mbili za samadi iliyooza, halafu mabaki ya mazao, kisha rudisha udongo wa juu kidogo. Usilijaze. Acha nafasi ya karibu nusu ya kina, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo tangi.

Kwa nini vipimo hivyo? Kila shimo lina eneo lake la mita za mraba 0.54. Mvua ya milimita 20 huliletea eneo hilo lita 10 na ushei. Kama nusu ya maji hayo yangetiririka, ni lita 5 hivi, na shimo lililojazwa nusu lina nafasi ya lita 5 hadi 6. Ukichimba mashimo madogo ya sentimita 10 ili kuokoa nguvu, umechimba mashimo ya kupandia tu. Ukiyajaza samadi hadi mdomoni, maji yatapita juu na mbegu itaungua kama samadi ni mbichi. Samadi ilundikwe miezi mitatu, imwagiwe maji ikikauka, igeuzwe, na itumike isipotoa tena joto wala harufu kali.

Gharama ya mashimo ni mgongo. Ekari moja ina mashimo yapata 7,500. Mtu mwenye nguvu anachimba kama 150 kwa asubuhi moja, kwa hiyo ekari nzima ni asubuhi hamsini. Samadi, kwa konzi mbili kubwa zenye jumla ya gramu 400 kila shimo, ni tani tatu kwa ekari, yaani safari sita hivi za mkokoteni wa ng'ombe. Anayetangaza mashimo haya bila kutaja namba hizo anawapoteza watu: wanaanza ekari mbili mwezi Oktoba, wanachoka Novemba, na mvua inakuta shamba nusu limechimbwa nusu halijaguswa. Anza na robo ekari, mashimo 1,900 hivi, kati ya Julai na Septemba. Mwaka unaofuata hayachimbwi upya, yanazibuliwa tu, kisha unaongeza robo nyingine. Kwenye mchanga mtupu usichimbe, kwa sababu kuta zinaanguka na mvua ya kwanza inafukia mbegu. Kwenye mbuga nyeusi, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, pia usichimbe: hapo tatizo ni maji kutuama, na mtama ukisimama majini wiki nzima hugeuka rangi ya njano na kudumaa.

Kwa wenye matuta, jambo moja dogo linatenganisha tuta linalokinga maji na tuta linalozaa korongo. Matuta ya sentimita 20 hadi 30 kwa kimo hufungwa kwa vizuizi kila mita moja au mbili ndani ya mfereji. Kizuizi lazima kiwe kifupi kuliko tuta. Mvua ikizidi, maji yaruke kizuizi na kusonga kwenye mfereji ule ule. Yakiwa sawa kwa kimo, maji yatachagua kuvunja tuta, yatashuka kwenye tuta la pili na nguvu zaidi, na kabla ya jua kuchwa una mfereji unaokata shamba lote kutoka juu hadi chini. Mistari nayo ipimwe kwa fremu ya A, si kwa jicho, maana jicho hudanganya hata kwenye shamba linaloonekana tambarare. Funga miti miwili ya mita mbili juu, weka mti wa kukingama katikati, ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu. Simamisha miguu sehemu mbili zilizowekwa alama, chora pale kamba inapogusa mti wa katikati, geuza fremu ili miguu ibadilishane nafasi, chora tena. Katikati ya michoro hiyo miwili ndiyo usawa. Kisha tembeza fremu shambani, ukipigilia kigingi kila kamba inapotulia kwenye alama hiyo. Siku ya upepo kazi hii haifanyiki, kamba inacheza.

Maji yakishashikwa, sasa mbegu. Watu wa Dodoma wanapenda mahindi, na si kwa ujinga: unga wake ni mweupe, mashine yoyote inausaga, soko lipo, ndege hawayasumbui. Ila mahindi yana udhaifu mmoja ambao pengo la Februari linaupiga pale pale. Mbelewele zikitoa vumbi, nywele za hindi zinapaswa ziwe zimetoka kulipokea. Jua likiwa kali na udongo umekauka, mbelewele zinaendelea na ratiba yake lakini nywele zinachelewa. Vumbi linakwisha nywele hazijatoka. Ndiyo maana unavuna mahindi yenye mapengo, punje thelathini kwenye gunzi zima, hata kama mvua ilirudi siku ya ishirini na shamba likawa kijani tena. Mtama ukikumbwa na ukame kabla ya kuchanua hukunja majani na kusubiri, mvua ikirudi huendelea. Uwele hufanya zaidi, kwani hutoa machipukizi pembeni, suke la kwanza likiharibika mengine yanafuata nyuma. Mahindi yabaki kwenye sehemu za chini zinazokusanya maji na kandokando ya makorongo. Juu kwenye udongo mwekundu pawe pa mtama na uwele.

Aina zinazofahamika kwa mtama ni Macia, Tegemeo, Pato, Wahi na Hakika, na kwa uwele ni Okoa na Shibe. Macia ni mfupi kwa kimo na hukomaa kwa siku 110 hivi. Wahi na Hakika, zilizotolewa mwaka 2002, zinavumilia kiduha, ule mmea wa maua ya zambarau au mekundu unaonyonya mizizi ya mtama. Kiduha ni alama ya shamba lililochoka. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu zinazokaa ardhini miaka zaidi ya kumi, kwa hiyo kung'oa baada ya maua kufungua ni kujichosha tu. Ng'oa kabla, tia samadi, na zungusha na karanga, kunde au choroko.

Kabla ya kupanda mbegu yoyote, ya dukani au ya kwako, ijaribu. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kiweke kivulini na kukinyunyizia maji kila siku. Siku ya tano hesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, panda kawaida. Zikiwa kati ya 60 na 79, ongeza punje kwenye kila shimo. Chini ya hapo tafuta mbegu nyingine, maana shamba lenye mapengo halijazwi baadaye: mbegu unazorudishia zinaota zikiwa nyuma ya wenzake wiki mbili na nzi wa mtama anazimaliza. Unamjua kwa jani la katikati linalonyauka na kung'oka kwa kuvuta kidogo, huku majani ya pembeni yakiwa mazima.

Wakati wa kupanda ndio unaoleta ubishi mkubwa vijijini, na kila upande una haki yake. Macia huchanua takriban siku 65 baada ya kupandwa. Ukipanda tarehe 10 Desemba utachanua tarehe 13 Februari, katikati ya pengo. Ukipanda tarehe 5 Januari utachanua karibu tarehe 11 Machi na kukomaa mwisho wa Aprili, mvua zikiwa zimekwisha au ziko ukingoni. Hakuna anayejua Desemba pengo litaangukia wapi. Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania unasema kama mvua zitakuwa chini ya wastani, wastani au juu ya wastani na lini zinatarajiwa kuanza. Unafaa kuchagua mbegu na kiasi cha mbolea, lakini siku za jua ndani ya msimu huwezi kuzipanga kwa utabiri wa miezi mitatu mbele.

Njia inayobaki ni kugawa. Theluthi moja ya eneo, ya uwele au mtama, ipandwe kavu mwishoni mwa Novemba, sentimita 5 chini ili manyunyu ya kudanganya yasiziamshe mbegu. Theluthi ya pili ipandwe baada ya mvua ya kweli. Ya tatu iwe ya mwanzoni mwa Januari, na hapo tumia aina fupi kabisa au kunde za siku 60 hadi 70, kama Vuli-1. Mvua ya kweli ni ipi? Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi juu ya kigingi, mbali na mti na paa. Mvua ikikatika, tia rula: kina cha maji kwa milimita ndicho kipimo cha mvua, hakuna hesabu nyingine, mradi mdomo na kitako vina upana mmoja. Sentimita mbili ndani ya siku moja au mbili ni idhini ya kupanda. Sentimita moja si idhini. Kopo limwagwe kila asubuhi, na namba iandikwe ukutani au kwenye daftari, maana jua la Dodoma linakunywa yaliyobaki.

Kuloweka mbegu usiku mmoja, kwa muda wa saa nane hadi kumi, kisha kuzikausha juu juu kivulini na kuzipanda asubuhi, kunawahisha kuota kwa siku moja au mbili. Hii ni kwa udongo mbichi tu. Mbegu iliyolowekwa ikipandwa kwenye vumbi imekwisha kuamka, haiwezi kulala tena.

Katika mashimo ya Chololo weka punje tano au sita, ukipunguza hadi miche mitatu wiki ya pili au ya tatu, siku ambayo udongo una unyevu. Kwenye mistari ya kawaida ni sentimita 75 kwa 30, miche miwili, kilo 3 hadi 4 za mbegu kwa ekari. Kupunguza miche ndiyo kazi inayochukiwa kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama kung'oa chakula, lakini miche sita kwenye shimo moja inamaliza lita tano za maji ikiwa haijafika magotini. Ukipata mbolea ya dukani, usiimwage shamba zima. Kizibo cha soda hubeba kama gramu 5. Kigawe kwa mashimo mawili, sentimita chache pembeni ya mche, ufukie, udongo ukiwa mbichi. Kwa mashimo 7,500 ni chini ya kilo 20 kwa ekari. Palizi ya kwanza isivuke wiki ya tatu. Magugu yanakunywa pengo pamoja nawe.

Sasa tufike kwa kwelea kwelea, ambao wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi huwapitia haraka wakati wakulima wengi wameacha mtama kwa sababu yao, si kwa sababu ya ladha. Ndege mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Kundi la ndege laki moja, ambalo kwa viwango vyao ni dogo, linakula tani moja kwa siku, na tani moja ya nafaka ni chakula cha mwaka cha familia ya watu sita. Wanapenda punje ikiwa na maziwa hadi inapoanza kukaza, kipindi cha wiki tatu hadi nne. Wanakula kwa zamu mbili, kuanzia kunapopambazuka hadi saa nne, na tena kuanzia saa tisa alasiri hadi jua linapozama. Mchana wanapumzika kwenye vichaka vyenye maji karibu.

Hapa ndipo ushauri wa kugawa tarehe unagongana na ndege. Shamba linalokomaa peke yake, wiki mbili kabla ya mengine yote, linalisha ndege wa kata nzima. Mashamba mia yakikomaa pamoja, ndege wale wale wanagawana, na hasara ya kila mmoja inakuwa ndogo. Mradi wowote unaompa mkulima mmoja mbegu ya muda mfupi bila majirani zake unamtengenezea kiota. Suluhisho linalofanya kazi ni kugawa kwa pamoja: wenye mashamba yanayopakana wakubaliane kwamba upande huu wa kijiji unapandwa kavu, ule baada ya mvua ya kopo, na vipande vya Januari viwe vile vilivyo jirani na nyumba ambako macho hayakosekani. Mkutano wa kijiji wa Novemba ni mahali pake.

Kulinda kwenyewe kunahitaji ulingo mmoja unaoona pande zote, kombeo, na kamba zenye makopo zinazovutwa kutoka ulingoni. Sanamu za matambara na tepu za kaseti zinafanya kazi siku tatu nne, kisha ndege wanazizoea na kutua juu yake. Zihamishwe kila siku mbili au zisiwekwe kabisa. Mtama wa punje za kahawia wenye uchungu huwapunguza, lakini unawapunguza walaji pia. Uwele wenye miiba kwenye suke unasaidia, hasa majirani wakiwa na usio na miiba. Mazalio yakionekana kwenye miiba ya mbugani, ofisa ugani apewe taarifa wakati makinda bado yapo kwenye viota, maana ndege za kunyunyizia dawa zinatafuta mahali kwelea kwelea walipolala, na kundi likishaanza kutembea hakuna anayejua litalala wapi. Eneo lililonyunyiziwa, ndege waliokufa wasiokotwe kuliwa, hata kama jana yake walikuwa kitoweo.

Vuna mara punje inapoonyesha doa jeusi kwenye kitako chake. Hapo imekwisha kushiba, kila siku unayoiacha shambani ni ya ndege na mchwa. Masuke yakatwe, yakaushwe juu ya turubai au kichanja, yapurwe juu ya turubai. Nafaka inayogusa ardhi hubeba kuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu, iliyokuwa kwenye mahindi katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Mahindi yaliyopata ukame yakiwa yanajaza punje ndiyo yanayoshambuliwa zaidi na kuvu hao, kwa hiyo mwaka wa ukame ndio mwaka wa kuchambua kwa ukali: punje zilizopasuka, zilizokunjamana, zenye rangi ya kijani au kijivu zitolewe. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Kuku nao wasipewe.

Unyevu upimwe kwa chumvi. Chukua chupa kavu, weka nafaka theluthi moja na kijiko cha chumvi iliyokaushwa juani, tikisa dakika mbili, subiri zitulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, nafaka ina unyevu zaidi ya asilimia 15. Isiposhika imeshuka chini ya hapo, lakini usikimbilie kufunga: mifuko isiyopitisha hewa inataka asilimia 13 au chini, kwa hiyo ongeza siku moja au mbili za jua baada ya chumvi kukubali. Wengi wanaolalamika kwamba mifuko hiyo imeozesha nafaka yao walifunga siku ile ile chumvi ilipoacha kushika.

Mfuko una tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na moja la kufumwa nje. Pulizia kila plastiki kama puto, ukiminya na kusikiliza kama inavuja. Jaza ya ndani, sukuma hewa itoke, acha shingo ya sentimita 25 hivi, isokote, ikunje, funga kwa kamba kwa nguvu. Kisha ya pili vivyo hivyo, kisha ya nje. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, lakini wanahitaji wiki kadhaa, kwa hiyo usifungue kabla ya mwezi mmoja na nusu. Mifuko ikae juu ya mbao, nusu mita kutoka ukutani, panya wawindwe kabla ya mavuno, si baada. Anayetumia dawa ya unga afuate kipimo cha kwenye paketi na kuichanganya juu ya turubai kabla ya kufunga. Vidonge vya gesi visiingie kabisa kwenye nyumba wanamolala watu. Vimewahi kuua familia zilizodhani zinaua dumuzi wa ghalani.

Wagogo wanaikumbuka njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yameshakomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Siku hizi anayekomba ghala ni lori la mnunuzi linalokuja Juni. Mtu mmoja hula kama gramu 450 za nafaka kwa siku. Watu sita wanakula kilo 2.7, na gunia la kilo 100 linawatosha siku 37. Magunia kumi ni mwaka mzima. Siku ya kufunga mifuko, andika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila mmoja tarehe yake ya kufunguliwa: wa kwanza Juni 1, wa pili Julai 8, wa tatu Agosti 14, na kuendelea. Mfuko ukifunguliwa kabla ya tarehe yake, nyumba nzima inajua, na mazungumzo kuhusu pombe, harusi na wageni yanafanyika mwezi wa Agosti badala ya Februari.

Mbegu hazihesabiwi kwenye magunia hayo. Tenga kilo 8 kwa kila ekari ya mtama, mara mbili ya zinazohitajika, kwa sababu miaka ya sasa kurudia kupanda ni jambo la kutarajiwa. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo masuke mazuri yaliyochaguliwa katikati ya shamba, yasiyo na fugwe, ule ugonjwa wa kuvu unaogeuza punje kuwa unga mweusi, yanatosha misimu kadhaa. Uwele huchavushana na wa jirani, hivyo chagua masuke mengi, mia na zaidi, na kila miaka mitatu nunua upya.

Kinachozidi magunia kumi na mbegu ndicho cha kuuza, na wakati wa kukipima upya ni mwisho wa Februari, pengo likiwa limepita au limepiga. Tembea shambani, hesabu mistari iliyochanua vizuri. Shamba likionyesha matumaini, uza ziada hiyo hapo hapo, bei ikiwa juu kuliko ya Juni, kwa mizani na si kwa lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kiasi. Lisipoonyesha, ifunge tena na uandike tarehe mpya.